Kwa nini programu za utafiti zihifadhiwe

MACHI 16, mwaka 2020, watafiti wa Chuo cha Imperial cha London walitoa ripoti iliyokadiria kuwa watu wapatao 510,000 wangeweza kufa nchini Uingereza kwa ugonjwa wa Covid-19 endapo hatua za kuudhibiti zisingechukuliwa. Wiki moja baadaye, wananchi waliagizwa kubaki majumbani.

Makadirio hayo yalitokana na programu ya kompyuta. Hata hivyo, msimbo wake, yaani maagizo yanayoiongoza kompyuta kupiga hesabu, haukuwa umewekwa hadharani, hivyo wanasayansi wengine hawakuweza kuukagua. Toleo lililosafishwa lilitolewa wiki kadhaa baadaye, na mwaka huo huo mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliliendesha na kuyapata tena matokeo makuu ya ripoti.

Makala ya kisayansi hueleza matokeo, lakini isipoambatana na programu iliyoyazaa, msomaji hubaki kuamini tu.

Ili kuondoa tatizo hilo, hifadhi ya Zenodo, iliyoanzishwa na kituo cha CERN mwaka 2013, hulipatia kila toleo namba ya utambulisho ya kudumu. Mradi wa Software Heritage, uliozinduliwa mwaka 2016 na taasisi ya Inria ya Ufaransa, hukusanya misimbo iliyo wazi kutoka sehemu mbalimbali duniani.

Kuhifadhi pekee hakutoshi. Programu hupaswa kuandikiwa jina, toleo, waandishi, leseni na programu nyingine inazozitegemea. Ikikosa maelezo hayo, haina tofauti na chupa ya dawa iliyobanduka karatasi: dawa imo, lakini hakuna awezaye kuitumia kwa uhakika.