Upele wa Mbwa na Dawa za Nyumbani

Mbwa ajikunaye mchana na usiku, na manyoya yakamtoka masikioni na viwikoni, huenda ana upele. Wadudu wadogo mno huchimba ngozi yake na kutaga mayai humo; nao huweza kuwahamia hata watoto wachezao naye, wakawashwa.

Watu wengi humpaka mafuta ya taa au oili chafu ya motokaa. Hiyo si dawa, ni sumu: humchoma ngozi, naye huilamba.

Yafaa atengwe, aogeshwe kwa sabuni, na matandiko yake yachomwe. Kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo apate dawa, kama ile ya kibiriti upele, ambayo hurudiwa kila juma, kwa kuwa mayai huanguliwa baadaye. Mbwa wenziwe watibiwe pia.