KUNI ZA LEO, MITI YA KESHO

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Uwe Nakivale, Kyangwali, Kyaka II, Rwamwanja au Bidibidi, karibu katika kipindi chako kutoka hapa Kampala. Leo naanza na swali: kuni ulizopikia jana zilitoka wapi? Na ule mwaka ulipofika kambini, ulikuwa unazitoa wapi?

Kama wewe ni mama au msichana, jibu unalo miguuni. Zamani uliokota kuni karibu na nyumba. Sasa unatoka alfajiri na kurudi jua likiwa kali. Njiani unaweza kukutana na mwenye shamba aliyekasirika, au mtu mwenye nia mbaya anayevizia mwanamke aliye peke yake. Binti anayekwenda kuni hayuko darasani. Kwa hiyo tukizungumza juu ya misitu, tunazungumza juu ya chungu chako na usalama wako.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Kwa nini miti inaisha? Mwaka 1990 misitu ilifunika karibu asilimia 24 ya nchi ya Uganda. Kufikia 2015 ilikuwa imebaki karibu asilimia 9. Sababu ni zaidi ya moja.

Ya kwanza ni mashamba. Watu wanaongezeka, na msitu unafyekwa ili kupanda mahindi, miwa au kuchunga ng'ombe.

Ya pili ni makaa, au makala kama wengi wetu kutoka Kongo tunavyoyaita. Hapa Kampala familia nyingi hupikia makaa, na magunia huja kwa malori kutoka mbali. Ukichoma makaa kwa kufukia magogo chini ya udongo, kilo 1 ya makaa inakula kilo 5 hadi 10 za kuni kavu. Kaskazini mwa nchi hata mti wa shea, unaowapa akina mama mafuta ya kula na ya kuuza, umekatwa kwa ajili hiyo. Mei 2023 Rais Museveni alipiga marufuku biashara ya makaa katika eneo hilo. Lakini mradi mji unahitaji makaa, atakuwapo mtu wa kuyachoma.

Ya tatu ni sisi tunaopikia kuni. Tusijifiche, wala tusikubali kubebeshwa mzigo wote. Waliokuwa Goma mwaka 1994 wanakumbuka jinsi wakimbizi walivyokata miti katika hifadhi ya Virunga. Hawakuuchukia msitu. Walikuwa na chakula kibichi na hawakuwa na kitu kingine cha kupikia. Leo Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na wengi wao hutafuta kuni porini, mahali pale pale wenyeji wanapozitafuta. Ugomvi mwingi huanzia hapo.

Miti ikiondoka, mvua hupiga udongo ulio wazi na kuubeba hadi bondeni. Shamba linachoka, mavuno yanapungua. Maji hayapati nafasi ya kuzama ardhini, na chemchemi hukauka mapema. Upepo nao unaezua paa kwa sababu hakuna cha kuuzuia.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa, ufanye nini? Anza jikoni, kwa sababu huko hungoji ruhusa ya mtu.

Loweka maharage usiku kucha. Yataiva upesi zaidi. Pasua kuni ziwe nyembamba na uzikaushe vizuri. Funika chungu. Ukimaliza kupika, zima moto na uhifadhi vipande vilivyobaki.

Mafiga matatu yanaachia joto lipotee pande zote. Jenga jiko la udongo. Chukua udongo wa kichuguu, changanya na nyasi zilizokatwa fupi na maji, kanda hadi ushikane. Zungushia mahali pa chungu, acha mdomo wa kuingizia kuni na njia ya moshi. Liache likauke kabisa kabla ya kuwasha. Likipasuka, lizibe kwa udongo ule ule.

Jaribu pia kapu la kuivishia. Tandika majani makavu ya mgomba na nguo kuukuu ndani ya kapu, tia chungu cha maharage kilichokwisha kuchemka vizuri, kifunike kabisa. Chakula kitaendelea kuiva bila moto. Kichemshe tena kabla ya kula.

Kisha panda. Kiwanja chako ni kidogo, lakini kina mipaka. Kaliandra hukua upesi, ukiikata huchipua tena, na mbuzi hula majani yake. Mbaazi hukupa chakula, na mashina yake makavu ni kuni. Mgrivea hupandwa kando ya shamba. Mikalitusi ipande mbali na kisima na mazao, kwa sababu hunywa maji mengi. Panda mvua zinapoanza, na uzungushie kila mche miiba, maana mbuzi hawasubiri.

Neno moja zito: mti huu utakuwa wa nani? Ardhi unayokaa inaweza kuwa ya serikali au ya wenyeji. Kabla ya kupanda mingi, kaa na mwenyekiti wa wakimbizi, yaani RWC, na mwenyekiti wa kijiji, LC1. Kubalianeni nani atakata na lini, na muandike. Mti usio na mwenyewe hukatwa ukiwa mchanga.

Na mpaka miti hiyo ikue, msiende kuni mmoja mmoja. Nendeni kwa kikundi, mkiwaambia wa nyumbani njia mtakayopita.

Jiko moja haliwezi kurudisha msitu. Lakini likikupunguzia safari moja ya porini kila wiki, binti yako ana siku moja zaidi shuleni.

(Muziki unapanda.)

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa wiki moja, nyumba yako inatumia mizigo mingapi ya kuni? Nani anaibeba?
2. Ni mahali gani mnaweza kupanda miti pamoja na wenyeji?
3. Nani hapa anajua kujenga jiko la udongo, na atawafundisha wengine lini?