Paka Dume Baada ya Kuhasiwa

Watu wa Ngagara, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura uliojengwa enzi za Wabelgiji na ambao wazee wetu hadi leo huuita OCAF, hawahitaji kuhadithiwa visa vya paka dume; kwani ni nani miongoni mwetu, alalaye chini ya mabati, ambaye hajashtuliwa usiku wa manane na vilio vya mashume wawili wanaogombania jike, wakiviringishana kutoka paa hili hadi lile, na alfajiri akamkuta wake amejilaza kizingitini, sikio limechanika na shavu limevimba usaha? Nami, baada ya kuyastahimili hayo kwa mwaka na zaidi, nilimtia wangu katika kikapu chenye kifuniko nikampeleka kwa tabibu wa wanyama akahasiwe. Na jirani yangu mmoja, mzaliwa wa Buyenzi, ng'ambo ya mto Ntahangwa, aliponiona nikirejea naye aliniuliza, bila ya mzaha, kama nimemhurumia mnyama yule au nimemdhulumu.

Swali lake si la kupuuzwa. Wanazuoni wa Kiislamu wamekhitilafiana katika jambo hili tangu zamani: wako walioharimisha kumhasi mnyama asiyeliwa, na wako, mathalan wa madhehebu ya Hanafi, walioruhusu iwapo mna manufaa ndani yake. Hukumu hiyo nawaachia wenyewe. Lakini nilivyokuja kuona ni kwamba manufaa au madhara ya jambo hili hayamo sana katika kisu cha tabibu, ambacho hufanya kazi yake kwa dakika chache tu, bali yamo katika mikono ya mwenye paka kwa muda wa siku kumi hivi zinazofuata.

Kazi yenyewe ni fupi: paka akishalazwa kwa nusukaputi, mfuko wa korodani hupasuliwa kidogo, korodani zote mbili hutolewa, mishipa hufungwa barabara, na aghalabu kitundu kile huachwa bila ya kushonwa kijifunge chenyewe. Basi asitaharuki mtu akitafuta nyuzi asizione. Wala asidhani amedanganywa akiuona mfuko ungali umetuna siku ya pili na ya tatu, kwa kuwa uvimbe kidogo ni ada ya jeraha lolote.

Usiku wa kwanza paka huwa mfano wa mlevi. Huyumba, hukosa shabaha, na pengine hukodoa macho bila ya kupepesa; kwa hiyo alazwe sakafuni juu ya kitambaa kikavu, katika chumba kitulivu, wala si kitandani wala dirishani asije akaanguka, na awe mbali na mbabula, na mbali na watoto na paka wenzake, ambao huenda wakamrukia kwa kuiona ngeni harufu aliyotoka nayo kwa tabibu. Akishapata fahamu sawasawa apewe maji, kisha chakula kidogo, mathalan ndagala chache zilizochemshwa bila ya chumvi. Akikataa usiku huo asilazimishwe, ila akishinda siku nzima ya pili bila ya kula, arudishwe kwa tabibu.

Lililo gumu kuliko yote ni kumweka ndani. Wengi huona haya, wakiikumbuka hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Lakini kosa la mwanamke yule lilikuwa kumfungia asimlishe wala asimwachie ajitafutie, na huyu wetu amefungiwa huku sahani yake imejaa. Mimi mwenyewe, siku ya tatu, nilimwona mchangamfu nikamwonea imani, nikafungua dirisha. Akaruka ukutani na kutoka ukutani akaparamia paa, na jioni akarudi mfuko umevimba maradufu na damu inadondoka. Uchangamfu wa paka si dalili ya kupona, maana huyu ni mnyama hodari wa kuficha maumivu.

Katika siku hizo mchanga wa choo chake uondolewe, yawekwe badala yake magazeti yaliyochanwachanwa, ili chembe zisiingie jerahani. Asioshwe. Akishika kujilamba mno avishwe shingoni kola pana ya plastiki, mfano wa faneli, na asiionewe huruma japo atajigonga kila pembe ya nyumba. Jeraha litazamwe asubuhi na jioni: damu isiyokoma, usaha au harufu mbaya, hayo si ya kutibiwa nyumbani.

Na hapa nasisitiza, kwa kuwa ndipo wapenzi wa paka wanapowaua kwa mapenzi yao. Parasetamoli, ambayo sisi humeza kwa kila kichwa kinachouma, kwa paka ni sumu: ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu, damu yake hushindwa kuchukua hewa, ufizi hugeuka rangi ya udongo, na kidonge kimoja chaweza kumwua. Kadhalika dawa za kusafishia zile ambazo zikitiwa majini hugeuka nyeupe kama maziwa; asipakwe hata kidogo. Dawa ya maumivu ni ile tu aliyoitoa tabibu wa wanyama. Na dume yeyote, awe amehasiwa au hakuhasiwa, akionekana anachuchumaa tena na tena pasipo kutoa mkojo, apelekwe saa ile ile, kwani mrija wake ni mwembamba na ukiziba hufa katika siku chache.

Jeraha likishapona, tabia hubadilika taratibu. Kunyunyiza mkojo kutani na kuranda usiku hupungua kwa madume walio wengi, lakini haja yake ya chakula nayo hupungua, na mwenye kumlisha kwa kipimo cha zamani atafuga pipa. Jambo moja jirani yangu hakulisadiki nilipomwambia, ilhali ni kweli tupu: mbegu zilizokwisha tangulia mirijani hubaki hai kwa wiki kadhaa baada ya korodani kutolewa, kwa hiyo mwenye jike nyumbani asiyetaka vitoto awatenge hadi wiki ya sita ipite.