Mtoto Asemapo "Ba-ba"

Wazazi wapenzi, hapa kwetu Tarime na Serengeti mtoto akitamka "ba-ba-ba", baba mtu hufurahi akidhani ameitwa. Lakini vukeni mpaka mwende kwa Wagusii wa Kenya: kwao baba ni mama, na tata ndiye baba! Mtoto hana habari hiyo. Anacheza na midomo tu. Sisi ndio tunaozipa sauti zake maana, naye kwa kusikia Kikurya, Kingoreme au Kiikoma kila siku hujifunza, hata apatapo mwaka mmoja hivi hutamka neno la kwanza.

Basi angalieni masikio. Katika miezi ya mwanzo hata mtoto kiziwi hulia na kusema "aguu" kama wenzake, kwa hiyo mama hashuku kitu. Tofauti huonekana baadaye. Mtoto asikiaye huanza "ba-ba" na "ma-ma" mara nyingi kati ya mwezi wa 6 na wa 10. Kiziwi huchelewa sana. Bibi atasema, "Mwacheni, atasema tu." Pengine ni kweli. Lakini miezi 10 ikitimia bila sauti hizo, mpelekeni hospitali apimwe masikio, wala msingoje umri wa shule.