Athari ya Uwindaji wa Samaki katika Maumbile ya Zuplanktoni: Kutoka Mwambao wa Geita hadi Malambo ya Shinyanga

Dagaa wanaovuliwa kwa taa usiku wa giza katika mwambao wa Geita, Ziwa Viktoria, hula zuplanktoni, yaani wanyama wadogo mno wanaoelea majini. Dagaa huwinda kwa macho. Kwa hiyo mnyama mkubwa, aonekanaye upesi, ndiye hutangulia kuliwa. Husalia wadogo, waangavu, na wanaozaa mapema. Baada ya sangara kuwapunguza mno furu katika miaka ya 1980, dagaa waliongezeka, na shinikizo hilo likaendelea.

Kielelezo dhahiri zaidi ni Daphnia lumholtzi, ambaye umbo lake J. Green alilihusisha na uwindaji wa samaki katika Ziwa Albert mwaka 1967. Akihisi kemikali za samaki majini, huota pembe ndefu kichwani, naye huwa mgumu kumezwa na samaki wadogo.

Katika malambo ya Shinyanga yanayokauka kiangazi, samaki hawadumu, na Dafnia wakubwa huweza kustawi. Kupandikiza humo samaki walao zuplanktoni hakuleti kitoweo tu: wachujaji wa mwani hupungua, na maji ya kunyweshea ng’ombe huweza kugeuka kijani.