Je, kesho ipo? Mbiti na maswali ya metafizikia

Neno metafizikia huwatisha wengi wanaoingia katika somo la falsafa, wakadhani ni elimu ya mizimu ama ya kupiga ramli. Ilhali chanzo cha jina hilo ni cha kawaida mno. Kazi za Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyefariki mwaka wa 322 kabla ya Kristo, zilipopangwa na wahariri wa baadaye, maandishi fulani yaliwekwa nyuma ya yale ya fizikia. "Meta" kwa Kigiriki ni "baada ya". Jina likashika, ingawa Aristotle mwenyewe hakulitumia.

Fizikia huchunguza vitu vilivyopo; metafizikia huuliza kuwepo kwenyewe ni nini. Je, nafsi ipo jinsi jiwe lilivyopo? Mzee ni yuleyule aliyekuwa mtoto mchanga, hali umbo na mawazo yake yote yamebadilika? Na wakati je? Swali hili la mwisho ndilo mlango mwepesi kwa mgeni. Jana haipo tena, kesho haijawa, nayo sasa hupita kabla haijatajwa. Basi kilichopo ni kipi?

Afrika Mashariki ina sauti yake katika mjadala huo. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui aliyeishi kati ya mwaka wa 1931 na 2019, alichapisha kitabu African Religions and Philosophy mwaka wa 1969. Aliona kuwa maneno ya Kiingereza kuhusu wakati hayakutosha kubeba fikra alizotaka kueleza, akaazima mawili ya Kiswahili: Sasa na Zamani.

Sasa, neno ambalo vijana wa Nairobi wamelifanya salamu, kwa Mbiti ni pana kuliko dakika hii. Ni kipindi chote ambacho watu wamekipitia wenyewe, pamoja na yale yaliyo karibu mno kutukia. Zamani ni bahari kuu inayoyapokea matukio yote yakishapita. Wakati, kwa maelezo hayo, hauelekei mbele. Hutoka Sasa ukarudi Zamani. Hata marehemu hufuata njia hiyo. Maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina, marehemu angali katika Sasa, miongoni mwa "wafu walio hai". Afapo mtu wa mwisho aliyemjua, ndipo huzama katika Zamani. Hapa tayari msomaji yumo ndani ya metafizikia, kwa kuwa kuwepo kumefungwa kwenye kukumbukwa.

Lililozua ubishi ni kauli ya Mbiti kuhusu siku zijazo. Baada ya kuchunguza vitenzi vya Kikamba na Kikuyu, alidai kuwa havivuki takriban miaka miwili mbele. Akahitimisha kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika, mustakabali wa mbali takriban haupo, kwani lisilotukia bado si wakati.

Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga mwaka wa 1987 akitumia lugha ya Waakan, yenye maneno ya siku za mbali. Alishikilia pia kwamba lugha mbili za eneo moja haziwezi kulisemea bara zima. Pingamizi hilo lina uzito. Apandaye kokwa la embe hungoja miaka mitano au zaidi, na bado hupanda.

Kiswahili nacho kina siri yake. Wanaisimu hukitoa kiambishi -ta- cha wakati ujao katika kitenzi "kutaka", na athari yake ingali wazi katika "atakayekuja". Hata hivyo sarufi haiwezi kuamua kesi hii. Huonyesha jinsi watu wanavyoitaja kesho, si kama kesho ipo.

Aristotle aliligusa fundo hilohilo kwa mfano wa vita vya baharini. Mtu akisema leo kwamba kesho vita vitapiganwa, na kauli hiyo ikawa kweli tayari, mashauriano ya makamanda usiku huu ni ya bure. Na ikiwa kesho haipo kabisa, kizazi kitakachozaliwa mwaka wa 2150 hakipo kwa namna yoyote. Hapo anayesema kwamba msitu usikatwe kwa sababu una wenyewe wajao hana budi kueleza ni akina nani hao anaowadai haki.