Plaji ya Bujumbura ilitoka wapi?

Waambie watu huku ughaibuni kwamba umekulia katika mji wa ufukweni nchini Burundi, watakujibu kuwa nchi hiyo haina bahari. Ni kweli, kutoka Bujumbura hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,000. Lakini tuna Tanganyika, ziwa lenye urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470 hivi, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Mchanga upo, mawimbi yapo, jua lipo, na ng'ambo milima ya Kongo imesimama juu ya Uvira.

Sisi wa Nyakabiga, hata hivyo, hatukuzaliwa mchangani. Mtaa wetu uko bara kidogo, jirani na Bwiza na chuo kikuu cha Mutanga, na kwenda majini ni kushuka mji karibu wote. Mpangilio huo una historia yake, kwani mji huu haukujengwa ili watu waoge.

Ulianza kama mahali pa kupita. Wafanyabiashara wa pwani waliokuwa na makao Ujiji walikuwa wakisafiri kwa mitumbwi hadi Uzige, kichwani mwa ziwa. Mnamo Novemba 1871 wasafiri wa Kizungu Livingstone na Stanley nao walifika huko wakitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waliukuta unaingia, hivyo Tanganyika haikuweza kuulisha mto Nile kwa njia hiyo. Jiwe la Mugere, kusini mwa mji, linakumbuka safari hiyo.

Mwaka 1897 Wajerumani wakaweka kambi ya jeshi Usumbura, kama mji wetu ulivyoitwa wakati huo. Askari na wachuuzi wakaja na Kiswahili chao, na ndiyo maana hadi leo ukiingia mtaa wa Buyenzi unasalimiwa kwa Kiswahili kabla ya Kirundi. Wabelgiji waliichukua nchi mwaka 1916, wakaufanya mji huo makao makuu ya Ruanda-Urundi. Reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imeshafika Kigoma tangu 1914, kwa hiyo shehena ilishushwa kutoka kwenye treni, ikapakiwa melini, ikaja kaskazini. Maji yakawa ya bandari, maghala na viwanda. Wazungu walijengewa Rohero, Waafrika wakapangiwa Buyenzi na Belge, ambayo leo ni Bwiza.

Starehe za ziwani nazo zilikuwa za wachache. Siwezi kulitaja hilo bila kumtaja Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa katika mojawapo ya sehemu hizo. Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, na Waswahili wa Buyenzi wakawa miongoni mwa watu wake wa karibu. Tarehe 13 Oktoba 1961, wiki chache baada ya chama chake cha UPRONA kushinda uchaguzi, alipigwa risasi akila chakula cha jioni katika Hoteli Tanganyika, kando ya maji. Uhuru ulikuja Julai 1962 bila yeye, na Usumbura ikawa Bujumbura.

Plaji tunayoijua sisi, ya Jumapili, ni ya wananchi. Saga, kwenye njia ya kwenda Gatumba na mpaka wa Kongo, hujaa familia, vijana wa mpira, mishikaki, samaki aina ya mukeke wa kuchoma na ndizi za kukaanga. Viboko nao wana haki yao, na jioni hutoka majini, kwa hiyo waulize wenyeji kabla ya kuogelea. Giza likiingia, wavuvi wa ndagala, yaani dagaa, husukuma vyombo vyao na kuwasha taa juu ya maji, samaki wakaifuata nuru hadi kwenye wavu. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, wavuvi hupumzika, na siku zinazofuata bei sokoni hupanda.

Makao makuu ya kisiasa yamehamia Gitega, lakini ziwa halihami. Linachofanya ni kupanda. Kuanzia 2020 maji yameingia nyumba, hoteli na barabara za mitaa ya Kajaga na Kibenga, na Gatumba imefurika kwa maji ya Rusizi, watu wakaishi kambini. Kanuni ya Maji ya 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ziwani. Wengi wetu tunaotuma pesa za kujenga nyumbani tunaota kiwanja chenye mandhari ya maji. Kabla hujatuma, mwombe ndugu yako apime mita hizo kwa kamba.